Usiku wa Saa Sita Mchana

Nyinyi walimu vijana mnaonipigia simu kila muhula safari za kambi zikikaribia, na nyinyi wazazi wa hapa Njiru mnaonisimamisha dukani nikinunua maziwa, "Mwalimu Njoki, mtoto anaenda kulala nje na shule, nimpakie nini?", leo nimeketi niwajibu nyote pamoja. Nikimaliza mniache nilishe kuku wangu. Nimestaafu, na kuku hawaniulizi maswali.

Usimpakie kitu. Hilo ndilo jibu. Mwache afunge begi lake mwenyewe, nawe ukae pembeni umekalia mikono yako. Begi likifungwa na mama linakuwa begi la mama. Mtoto akifika kambini hajui soksi ziko upande gani wala tochi imezikwa chini ya nini, basi anamwaga kila kitu kwenye nyasi, na jua likizama nguo zote zimelowa umande na yeye analia. Akishafunga begi lake, mfunge macho kwa leso umwambie: nipe tochi. Nipe soksi kavu. Nipe mswaki. Akipapasa sana, amwage vitu vyote aanze upya. Mtoto aliyepita mtihani huo ataipata sweta yake hata umeme ukipotea dunia nzima.

Najua mtakaidi. Wazazi wa Eastlands nawajua, nimewafundisha wao na nikawafundisha watoto wao. Kuna mama mmoja, muuza nguo, alimletea bintiye meko mzima, ule mtungi mdogo wa gesi na kichomeo chake juu, umevishwa taulo ndani ya begi. Nilijaribu kuliinua lile begi, mgongo ukanikataza.

"Madam, huko ni baridi," akaniambia bila haya. "Na Shiro hawezi kulala kama hajakunywa maziwa moto."

Shiro mwenyewe alikuwa amesimama kando, anatamani ardhi immeze. Mkumbukeni huyo Shiro, tutakutana naye tena. Baba mwingine, fundi wa vyuma, alimpa mwanawe kufuli na mnyororo wa kufungia hema. Nikamwuliza mnyororo unafungwaje kwenye hema la kitambaa. Alifikiria kwa makini, kisha akasema, "Basi ajifunge mguu, asiibwe."

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Meko ulirudi nyumbani, mnyororo ulirudi nyumbani, na watoto wote wawili walirudi kutoka kambini wakiwa wazima na wachafu.

Lakini begi ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni usiku wenyewe, na hapo lazima niwaambie habari za Mwalimu Makokha, Mungu amlaze pema. Alikuwa mrefu, mwembamba, anafundisha sayansi huku akitafuna kijiti cha mswaki. Nilipofika shuleni kwetu nikiwa mwalimu mgeni, aliniambia neno moja ambalo nimelibeba miaka yote. "Njoki," alisema, "giza si mahali pa kujifunzia zipu."

Maana yake ni kwamba watoto wengi hawajawahi kulala nje ya nyumba yao, na ukisubiri mpaka waingie msituni ndipo uwafundishe kufunga hema, kuwasha tochi na kwenda chooni peke yao, utafundisha kilio kitupu. Kwa hiyo Makokha alibuni usiku wa mchana. Jumamosi moja kabla ya safari, shule ikiwa haina watu, tuliwaingiza watoto wa kambi kwenye holi, tukaziba madirisha kwa magunia ya mahindi kutoka jikoni, na usiku ukaingia. Ulianza baada ya chai ya saa nne na ulikwisha kengele ya chakula ikilia. Katikati yake kulikuwa na kila kitu cha usiku: kupiga mswaki, kuvaa nguo za kulala, kutandika, kuamka kwenda chooni, kurudi, na kunyamaza.

Mngewaona wakienda chooni! Jua la saa sita linawachoma utosini, nao wamejifunga blanketi, wamewasha tochi, wanatembea kwa kunyata. Akina mama waliokuwa wakipita nje ya ua walisimama kutazama. "Hawa watoto wamefanywa nini?" mmoja akauliza. "Ni shule," mwenzake akamjibu, kana kwamba hilo linaeleza kila kitu. Na kwa habari ya choo, niwaambie ukweli: watoto wa estate, waliozoea choo cha kuvuta maji, walikuwa wakilisogelea lile shimo kama wanasogelea kisima chenye nyoka. Watoto wa mabanda ya Mukuru kwa Reuben ndio walikuwa walimu wa somo hilo. Walifundisha kwa ukali, bila kuchoka, na walikuwa wakitoa maksi.

Makokha mwenyewe alikuwa fisi. Alijibanza nyuma ya dirisha na kulia mpaka nywele za watoto zinasimama, wakishachoka kupiga kelele anatokeza kichwa na kusema, "Mmeona? Fisi ni Makokha tu." Alipostaafu nikawa fisi mimi. Watoto walisema fisi wangu anaonekana ana malaria. Tena bati la holi lilikuwa na tundu, mwale wa jua ukawa unapenya mpaka sakafuni, na kila mwaka lazima mmoja angepaza sauti, "Ticha, usiku wetu umetoboka!"

Tulicheka, lakini kulikuwa na sheria moja isiyokuwa na mchezo. Asiyemaliza usiku wa mchana haendi kambini. Wakati mmoja mtoto aliyefaulu kwa kusukumwa aliamka huko msituni, akabeba blanketi lake na kushika njia ya kurudi Nairobi kwa miguu. Tulimpata salama, lakini hedimasta hakusahau. "Mmoja tu mwingine," alituambia, "na hizo kambi nazifunga kwa wote." Sikumlaumu. Kichwa chake ndicho kingeulizwa.

Sasa njooni kwa Nekesa. Alikuwa darasa la sita, mfupi, mwenye ulimi mwepesi, mtoto wa Mukuru kwa Reuben. Mama yake alikuwa kibarua katika kiwanda cha misumari upande wa Industrial Area, na ni yeye aliyekuja kwangu mapema kuliko mzazi yeyote kusema anataka mtoto wake aende. "Aone miti, Mwalimu," alisema. "Mimi nilikulia kwa miti, huko Bungoma. Huyu amekulia kwa ukuta." Kwa wengine kambi ilikuwa matembezi. Kwa mama huyu ilikuwa kitu alichokuwa amekitamani kwa ajili ya mtoto, na aliniambia hivyo macho makavu, bila kubembeleza.

Basi usiku wa mchana ukafika. Nekesa alifunga begi lake kwa ustadi, alipata kila kitu macho yakiwa yamefungwa, na chooni aliwatolea wenzake maksi za chini sana. Watoto wakalala. Nikalia kama fisi mgonjwa. Wakacheka, wakanyamaza, na holi likawa kimya kweli, maana siku hiyo hata barabara ilikuwa imepumzika.

Nekesa akaketi wima.

"Ticha, imezima."

"Nini imezima?"

"Mashine. We huskii? Kumenyamaza."

Alikuwa amekwisha kukunja blanketi. Alivaa viatu, akaja mlangoni, akaniambia kwa adabu anaenda kumwambia mathe, yaani mama yake, na atarudi. Nikamrudisha. Akalala, kukanyamaza, akaketi tena. Mara ya tatu hakuniomba ruhusa, nilimshika mkono akiwa ameshafika kwenye geti. Watoto wengine walidhani ni mzaha, wakacheka. Yeye hakuwa akicheka.

Hedimasta aliyaona hayo ya getini kutoka ofisini kwake. "Mwalimu Njoki," alisema, "huyo haendi." Nikamwomba Jumamosi moja zaidi. Akanipa, akaniambia ni ya mwisho.

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kwao. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na ukuta wake wa nyuma haukuwa bati, ulikuwa ukuta wa mawe wa kiwanda chenyewe. Nyuma ya ukuta huo mashine ya misumari ilikuwa ikigonga. Kachaka-duu, kachaka-duu, bila kupumua. Vikombe vilitetemeka mezani na chai yangu ilikuwa na mawimbi. Ilibidi mimi na Mama Nekesa tuzungumze kwa kupayukiana kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

"Mwalimu, ongeza sukari!"

"Nimeongeza!"

"Ati?"

"Nimeongeza!"

Alikuwa amenyanyua chupa ya chai kuniongeza, na mashine ikazima.

Siwezi kuwaeleza vizuri ukimya ule. Mama Nekesa alibaki na chupa mkononi, hamimini, harudishi. Nekesa aliyekuwa akifanya hesabu kitandani aliinua kalamu na kuinamisha kichwa upande. Nje, wanawake walitoka mmoja mmoja wakasimama milangoni, na kijana mmoja akatoka na povu la sabuni kwenye nusu ya kidevu. Wote walikuwa wakitazama ukuta. Kisha kachaka, kachaka-duu, ikawaka tena, wanawake wakarudi ndani, na Mama Nekesa akanimiminia chai kana kwamba hakuwa amesita hata kidogo.

"Nini hiyo?" nikapayuka.

"Ni kazi, Mwalimu! Ikizima usiku, asubuhi tunafika getini tunaambiwa rudini, hakuna kazi! Basi ni kukimbilia estate kutafuta nguo za kufua, na anayefika kwanza ndiye anapata!"

"Sasa mnalala saa ngapi, kama ni kuisikiliza?"

Hapo alicheka, akamwonyesha Nekesa kwa kidevu. "Mimi nalala kama gogo! Nimechoka! Huyu ndiye masikio yangu. Ikizima tu ananishika mguu: mathe, imezima. Tangu akiwa mdogo hivi. Hakuna siku nimechelewa."

Nilimtazama yule mtoto na kalamu yake, na nikaona haya kwa niaba ya wote tuliocheka holini. Hakuwa mwoga. Alikuwa na zamu, na hakuna aliyemwachisha.

"Nikienda huko," Nekesa alisema akija karibu na sikio langu ili asipayuke, "nani ataskizia mathe?"

"Nitajisikilizia mwenyewe," mama akasema.

"We huskii kitu, mathe. Hata mvua ikiingia huskii."

Hilo lilimalizwa siku hiyo hiyo. Mama Brayo wa mlango wa pili, ambaye hata yeye ni kibarua wa hapo, aliitwa, akaahidi mashine ikizima atagonga bati mpaka Mama Nekesa aanguke kutoka kitandani. Nekesa alimhoji kama karani wa mahakama, akaridhika. Nilirudi nyumbani nikidhani nimemaliza kazi.

Mazoea yana taabu. Jumatatu Nekesa aliniambia alijaribu kulala kwa shangazi yake mbali na kiwanda, akijua kabisa Mama Brayo yuko zamuni, na bado kukinyamaza mwili unaamka wenyewe. Kulikuwa na kijana wa mazoezi ya ualimu pale shuleni, mwerevu, akanishauri nirekodi ile sauti kwenye simu. Nikaenda nikarekodi. Nekesa aliisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akanirudishia. "Ticha, hiyo ni simu," akasema.

Aliyelitegua lile jambo alikuwa Shiro, yule wa meko. Walikuwa dawati moja, na Nekesa alikuwa amemweleza yote, kwa sababu siri za darasa la sita hukaa dawatini. Shiro akanijia mapumzikoni akiwa na wasichana watatu nyuma yake.

"Ticha, sisi tutakuwa mashine."

"Mashine gani?"

"Ya kina Nekesa. Tutapiga na mdomo, kwa shifti. Moja akichoka anaingia mwingine. Na ikizima tunamwamsha. Tumemwambia yeye hayuko job, ako likizo."

Nilimtazama Nekesa. "Nawe umekubali? Si utajua ni Shiro tu?"

"Najua ni Shiro, Ticha," akasema. "Lakini kuna mtu ako job."

Wiki nzima ile walifanya mazoezi nyuma ya jiko la shule. Nekesa ndiye aliyekuwa fundi mkuu, na alikuwa hana huruma. "Zii, hiyo ni mashine ya unga! Ya misumari inagonga mara mbili inatulia kidogo." Mmoja akipiga haraka anaambiwa ameharibu nyundo. Shiro alijifanya supavaiza, akatafuta rula ya kutembea nayo, na anayetaka kutoka zamuni ilibidi aseme "nimetoka," na anayeingia aseme "nimeingia," kama wanavyofanya vibarua getini. Kufikia Ijumaa hata wavulana waliokuwa wakiwacheka walikuwa wamepanga foleni wakitaka kuajiriwa. Shiro aliwaambia hakuna nafasi.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Magunia dirishani, mswaki, choo, fisi mwenye malaria. Kisha badala ya kimya, kutoka pembe ya holi, ikaanza chini chini: kachaka-duu, kachaka-duu. Nilikaa kwenye kiti changu karibu na mlango, na nakiri kwamba nilikuwa naomba. Nekesa alilala chali, macho wazi, anatazama lile tundu la bati. "Nimetoka," sauti ikasema. "Nimeingia." Kachaka-duu. Baada ya muda aligeukia ubavu.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Hedimasta alikuwa amekuja kujionea mwenyewe. Alisimama na mwanga wote wa mchana nyuma yake, akasikia watoto wakinguruma gizani, akafungua kinywa kuuliza. Shiro akamwendea na rula yake, kidole mdomoni.

"Sir, tafadhali," akanong'ona. "Tuko job."

Hedimasta alinitazama. Mimi nikatazama sakafu, kwa kuwa ningemtazama ningeangua kicheko na kuharibu kila kitu. Akaufunga mlango polepole mno, kama mtu anayetoka wodi ya hospitali. Kengele ya chakula ilipolia, watoto wote waliruka kukimbilia githeri isipokuwa mmoja. Nekesa alikuwa amelala kweli kweli, saa sita mchana, kinywa wazi. Tulimwekea sahani yake ikafunikwa, na ikapoa kabla hajaamka.

Kwa hiyo alienda. Mama yake alimsindikiza hadi kwenye basi la shule na hakumpakia kitu, maana nilikuwa nimemwonya. Kambi ilikuwa pembeni mwa msitu, huko juu kwenye baridi ya Limuru, na Nekesa alitumia jioni yote akishika miti kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, na kuuliza kila mmoja unaitwaje. Mingine sikuijua. Mmoja au miwili niliitungia jina, Mungu atanisamehe.

Usiku sitausimulia wote. Kumbukeni tu kwamba msitu una ukimya ambao mtu wa Eastlands hajawahi kuuonja, hata mimi ulinisumbua. Nililala hemani mwangu nikisikiliza hema la wasichana. Mashine ilikuwa ikienda. Nimetoka, nimeingia. Ikaenda vizuri, ikaanza kusuasua, ikakosa pigo, ikajikokota tena kidogo. Halafu ikazima.

Niliketi. Nilishika tochi bila kuiwasha nikangoja zipu ya hema lao ifunguke, nikiwa nimevaa viatu, tayari kukimbia. Nilingoja sana. Zipu haikufunguka. Nilichosikia kilikuwa mtu mmoja anakoroma, na nilikaa hivyo hivyo mpaka nikasinzia na viatu vyangu.

Asubuhi nilikuta watoto wamepanga mstari wa chai, kila mmoja na kikombe chake cha bati, mvuke ukiwatoka mdomoni. Shiro alikuwa anakwepa macho ya kila mtu. Rula hakuwa nayo.

"Nani alikuwa shifti ya mwisho?" Nekesa akauliza.

Mmoja akamtazama mwenzake, naye akamtazama mwingine, mpaka macho yote yakaishia kwa Shiro.

"Nililala," Shiro akasema kwa sauti ndogo. "Pole, Nekesa. Sote tulilala. Ilizima, na hakuna mtu alikuamsha."

Nikasogea karibu. Sikujua nitasema nini, lakini nilitaka niwe karibu. Nekesa aliwatazama wale wasichana, kisha akautazama msitu uliokuwa kimya nyuma yao, akiusikiliza, kichwa kimeinama upande kama alivyokuwa akifanya kwao. Alisikiliza mpaka alipotosheka.

"Mmefutwa," akawaambia. "Wote. Rudini nyumbani, hakuna kazi."

Na akacheka mpaka akashindwa kushika kikombe.